Shamba la Baba wa Kaya

Alois hakulazimishwa na mtu kumwalika mama yake. Alitaka mwenyewe Bi Magdalena ashuke kutoka kwao Mgeta, milimani Uluguru, amwone mwanawe akitetea tasnifu ya uchumi mbele ya wasomi wa Morogoro. Mama akaja na vitenge vyake vya Jumapili, na kikapu cha mapeasi kwa ajili ya walimu. Wakamketisha mbele.

Enzi hizo soko huria ndilo lililokuwa wimbo wa kila mtu, na Alois alikuwa na modeli ya kukadiria mkulima wa Uluguru atapanda kabichi kiasi gani bei zikiachiwa. Modeli ilikuwa na kasoro, na mwenyewe aliijua vizuri. Kwao ardhi ni ya ukoo wa mama, na wajomba ndio wenye neno. Baba yake alikuja pale na jembe lake tu. Lakini kila alipojaribu kuwaingiza wajomba, milinganyo iligoma. Basi akaona isiwe taabu, shamba lote akampa baba wa kaya, mwamuzi mmoja, hesabu ikatulia. Nani angemuumbua? Tasnifu ni ya Kiingereza, anaitetea kwa Kiingereza, na mama pale mbele anatabasamu tu, haambulii kitu.

Mambo yalikwenda vizuri mpaka Dakta Lukasi, mtahini mgeni kutoka Dar es Salaam, alipofunga makabrasha yake.

"Hili la mwisho nauliza kwa Kiswahili, kwa heshima ya mama yetu. Katika modeli yako, ardhi ni ya nani?"

Alois akapiga hesabu haraka. Akisema kweli, modeli inaanguka na shahada inakwenda nayo. Mama alikuwa amesogea mbele kidogo kwenye kiti, asikose neno.

"Ni ya baba," alisema.

"Ndivyo ilivyo huko kwenu?"

"Ndiyo, Dakta. Ndivyo ilivyo."

Loo, mtu mzima na akili zake! Mama alishusha macho, akawa anakiweka sawa kitenge begani. Aibu ilimpanda Alois mpaka masikio yakamwaka moto, na walimu walipompa mkono wa hongera alishindwa kuinua uso.

Nje alimkuta mama amesimama na kikapu chake, mapeasi yote yamo.

"Hongera, mwanangu," alisema kwa upole wake uleule, akimkabidhi. "Kawape walimu wako. Waambie yametoka shamba la baba yako."