Breki ya Mkono

Niseme mapema tusichoshane: mimi si mtu wa hasira za bure. Zangu zina sababu, na asubuhi ile sababu yenyewe ilikuwa imekaa kwenye usukani wa gari langu, imevaa shati lililopigwa pasi.

Gari ni la kubeba watoto wa chekechea, viti kumi na vinne, na dereva wake ni mimi tangu liliponunuliwa. Miezi mitatu nyuma askari wa barabarani alinisimamisha hapo kwenye kona ya mtaa wetu, akaitazama stika ya bima kwenye kioo, akaniuliza kama najua kusoma tarehe. Bima ilikuwa imekwisha siku ishirini na tatu nyuma. Nikamweleza nilichoelezwa nyumbani: imeshalipwa, stika mpya inachapwa. Akapiga simu. Hakuna kilicholipwa, hakuna kilichokuwa kinachapwa. Kabla ya siku hiyo, nilipomuuliza mume wangu kama amelipa, alikuwa amenijibu bila kusita: tayari.

Alikuwa ameahirisha, kesho, keshokutwa, mpaka tarehe ikapita, halafu akaona haya kusema. Ngoja ngoja huumiza matumbo, lakini tumbo lililouma lilikuwa langu. Leseni iliyofungiwa ni yangu. Watoto wakapandishwa gari la mtu mwingine, na mzazi mmoja akaniambia, bila hata kupaza sauti, "Tulikukabidhi roho zao." Hilo sijalimeza mpaka leo.

Sasa kifungo cha leseni kilikuwa kinaisha siku ile. Ofisi ya leseni ilitaka hati ya bima kabla ya saa kumi. Nikikosa, naanza upya kama mwanafunzi wa udereva, na mwalimu mkuu wa chekechea alishasema hatangoja zaidi ya Jumatatu. Makampuni mawili ya bima yalinikataa mlangoni. La tatu, lililo mwisho wa mtaa wetu, lilikubali kwa masharti mawili. Kwanza, mkaguzi wao alione gari kwa macho yake, uani kwao. Pili, ujazwe ukurasa wa pili wa fomu: kwa nini bima iliyopita ilikatika, na aliyehusika aandike mwenyewe na kutia sahihi.

"Aliyejua na aliyedanganywa hatuwaweki fungu moja," mkaguzi aliniambia. "Ukiuacha wazi, nitakuhesabu aliyejua. Na aliyejua hatumchukui."

Ukurasa huo ulikaa mezani kwetu siku tisa. Kila nikimsogezea mume wangu kalamu, anakumbuka shughuli. "Tutaona," anasema, kisha anatafuta viatu. Mwishowe nikairudisha fomu kwa mkaguzi, ukurasa huo ukiwa mtupu.

Na gari lisilo na bima litafikaje uani kwa watu? Nilimwendea askari yule yule. Tunamwita Buti, kwa jinsi viatu vyake vinavyong'aa. Akafikiri, akasema, "Lisukumwe, injini imezimwa, mwenye leseni akae kwenye usukani. Hayo nitayavumilia, mteremko wenyewe ni mfupi. Lakini wewe nisikuone ndani. Nikikuona ndani, sitauliza ulikuwa unatafuta nini."

Ndiyo maana mume wangu alikuwa kwenye usukani. Shemeji, mdogo wake, fundi mwashi mwenye mabega ya kazi, alisukuma nyuma. Mimi nilitembea ubavuni, mikono mgongoni, kama mtu aliyekuja kutazama tu.

"Shemeji," fundi akaniambia huku akihema, "una hakika hakuna mtoto mliyemsahau humu? Mbona zito hivi?"

"Wewe sukuma. Uzito huo ni wa kaka yako."

Mume wangu alisikia. Akarekebisha kioo cha pembeni.

Tulipofika mteremko unapoanzia, Buti alikuwa amesimama upande wa pili wa barabara, anatutazama. Sasa mume wangu, mwoga wa sare tangu nimjue, akataka kumthibitishia kwamba injini imezimwa kweli. Akachomoa ufunguo, akautoa dirishani, akaupunga.

Usukani wa gari lile ukichomoa ufunguo hujifunga. Mimi najua, yeye hulishika mara mbili kwa mwaka. Alipotaka kukata kona aingie geti la bima, usukani ukagoma. Akakanyaga breki, na breki za gari lililozimwa huwa ngumu kama ukuta. Gari likamponyoka shemeji. Kule chini, pembeni ya geti, mkaguzi alikuwa ametupa mgongo, fomu zetu kwapani, anaongea na simu.

Ningependa kusema nilipima mambo, kwamba nikiingia leseni imekwenda na nisipoingia mtu anakufa. Hayo niliyawaza baadaye. Miguu ilishaanza kukimbia. Nilifungua mlango wa abiria, nikajitupa kwenye kiti, nikaishika breki ya mkono. Ina ukaidi wake ile: uibonyeze, uishushe kidogo, ndipo uivute kwa mikono miwili. Nikaivuta mpaka bega likalia. Matairi ya nyuma yakaburuza, gari likasimama. Kati ya bampa na magoti ya mkaguzi pangepita daftari, si zaidi.

Nikasikia viatu vinakuja.

"Nilikwambia nisikuone ndani," Buti akasema dirishani. Daftari lilikuwa mkononi.

"Umeniona," nikasema.

"Nani alikuwa anaendesha?"

Nilishafungua mdomo kujitetea, mume wangu akanitangulia. "Mimi. Na ufunguo nimechomoa mimi." Akafungua mlango, akashuka. "Na ile bima, afande, mimi ndiye sikulipa. Nilimwambia tayari. Yeye hakujua."

Miezi mitatu niliisubiri sentensi hiyo, mezani, kitandani, kila mahali, nikidhani siku nitakayoisikia nitafurahi. Nililia. Na kama mnataka ukweli, nililia kwa hasira zaidi kuliko kitu kingine.

Buti aliangalia nilipokaa, akaangalia usukani ulipo, akafunga daftari. "Abiria akivuta breki, sina kifungu chake," akasema, akarudi kwenye kona yake.

Mkaguzi, uso umemparara, aliweka fomu juu ya boneti. Nikashuka, nikasoma alichoandika: breki ya mkono, nzima, nimeiona. Kisha akafungua ukurasa wa pili na kumgeuzia mume wangu bila kuuliza. Aliijaza mistari yote, akatia sahihi. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yake ilichukua siku mia na ushee.

"Dereva mkuu?" mkaguzi akauliza.

"Mimi," nikasema.

"Dereva wa pili?"

Mume wangu alinitazama. Ufunguo bado ulikuwa kwenye ngumi yake. Nitamsamehe, nilijua, labda jioni, labda Jumatatu watoto wakishapanda. Lakini si saa ile, na alikuwa anaona. Akaufungua mkono, akauweka ufunguo juu ya boneti, upande wangu. Ulikuwa umemchora alama kiganjani.

"Hakuna," akamwambia mkaguzi. "Andika hakuna."