Mkono Ulioachwa kwa Fundi

Fundi wa feni alikuwa ameinama juu ya feni ya mteja, anapaka grisi kwenye beringi, kaka yake alipoingia na bintiye. Binti alikuwa amevaa jezi ya timu, maana wiki hiyo alikuwa hata kulala analala nayo. Uwanjani walimwita Kimbunga, jina la tangu alipokuwa akirusha mpira ukatimua vumbi. Siku hizi mpira wake ulitia huruma.

"Shikamoo shangazi," akasema.

"Marahaba. Na wewe leo umeharibika nini?"

Kaka mtu akajibu badala yake. "Dada, mtoto ndiye huyo, wewe ndiye kocha wake. Mashindano wiki ijayo, na mpira bado unakwenda kombo."

"Kombo afadhali. Juzi ulimpata mwamuzi."

Kaka akacheka. Kimbunga naye akacheka, huku anatazama sakafu. Alikuwa na haja moja tu duniani, kurusha mpira kwenye mashindano hayo baba yake akiwa pale anamwona, na haja hiyo ilimjaa mpaka usoni.

Kwenye softiboli, mchezo wa kurusha mpira na kuupiga kwa gongo, mrushaji harushi kwa juu kama anayefukuza kunguru. Mkono huanzia mbele, hupanda ukapita karibu na sikio, huzungukia nyuma, kisha hushuka na kuuachia mpira usawa wa nyonga, kiganja kikichapa. Unazunguka kama pangaboi la darini, shangazi mtu alipenda kusema, na hakuna asiyejua pangaboi. Mkono wa Kimbunga ulianza vizuri. Ukifika juu, bega lilipanda, kiwiko kikakaza, na mpira ukaenda unakotaka wenyewe. Muhula mzima shangazi alikuwa anaupigia kelele mkono ule. "Legeza! We mtoto, unarusha mpira au unaanika nguo?" Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyezoea kuongea feni kumi zikiwa zinavuma, na timu nzima ilikuwa inacheka. Kimbunga alicheka nao, kisha akarusha vibaya zaidi.

Sasa, pale karakana palikuwa na utaratibu mmoja. Kifaa kibovu kinaachwa, mwenye kifaa anakwenda zake. Fundi hakuweza kufanya kazi mteja akimpumulia shingoni. Kwa hiyo alimkalisha mpwawe kwenye stuli, akapandisha mkono wa jezi, akabonyeza chini ya kwapa kwa kidole gumba, akazungusha kidogo kushoto, na mkono ukatoka. Damu haikuwapo. Pale begani palibaki laini kama kisigino cha mtoto mchanga.

"Utakuwa tayari lini?" kaka akauliza.

"Pitieni Alhamisi."

"Na shule?"

"Ataandika kwa kushoto, wangapi wanaandika kwa kushoto?"

Hilo likamtosha kaka. Kimbunga ndiye aliyeuliza kama mkono hautasikia baridi. Shangazi akamwambia ataufunika taulo, wakaondoka.

Fundi akaleta feni ya kusimama, akaitoa mapanga, na pale penye mapanga akaufunga mkono kwa skrubu mbili. Umeme hakuunganisha, haukuhitajika. Akauwekea mpira kiganjani. Mkono ukapanda, ukashuka, ukachapa kiganja, na mpira ukatua ndani ya ndoo kule mwisho wa karakana. Akauwekea mwingine, nao ukaingia ndoo ile ile. Kiwiko kilikuwa kimelegea kama anavyotaka, mzunguko haukuyumba hata kidogo. Mama we, alicheka peke yake kama mwehu.

Kisha akaufungua kuutafuta ubovu, maana ubovu lazima uwepo. Akakagua kiwiko, kifundo, mishipa, kila kidole. Hakukuta kitu. Mkono ulikuwa mzima kabisa, na hapo ndipo kicheko kilipomkauka. Mara ngapi ameletewa feni iliyogoma nyumbani, akaiwasha karakana ikavuma? Huwa anamrudishia mwenyewe na kumwambia, "Mama, feni hii nzima. Kaangalie nyaya za kwako."

Alhamisi akaurudisha mahali pake, wakaenda uwanjani. Mdakaji, msichana mnene mwenye maneno machache, akachuchumaa na glavu yake. Shangazi alikuwa bado anahangaika na zipu ya begi Kimbunga aliporusha, na mpira ukapiga katikati ya glavu kwa kishindo. Akarusha wa pili, vivyo hivyo. Shangazi akainua kichwa, akafungua mdomo kumsifu. Wallahi alitaka kumsifu. Bega la mtoto likaruka mpaka sikioni, na mpira ukavuka uzio.

Mdakaji akavua barakoa yake ya waya. "Kocha, usipokuwepo anarusha hivyo hivyo kila siku."

"Hivyo hivyo vipi?"

"Kama ule wa kwanza. Sisi tulidhani unajua."

Uso ulimwaka shangazi kama kaufunulia sufuria ya maji ya moto. Alitazama viatu vyake, alitazama uzio, popote isipokuwa kwa mtoto. Neno la kusema alikuwa nalo. Wateja huwapa bure kila siku, samahani mama, samahani mzee, umeme ulikatika. Alilitafuta, na lililotoka likawa, "Nani kakwambia uvue barakoa?"

Akajaribu kunyamaza. Alibana midomo mpaka ikawa uzi, lakini Kimbunga akaitazama ile midomo, na bega likapanda lenyewe. Njia zilibaki mbili, ama kocha abaki nyumbani, ama mtoto. Shangazi alilifikiria jambo hilo njia nzima mpaka karakana, na alijua kabisa lipi ni la haki. Kombe hilo alilitamani tangu yeye mwenyewe ni msichana wa kurusha mpira.

"Kimbunga," akaanza, "unajua, mkono huu bado..."

Mtoto alishakaa kwenye stuli na kupandisha mkono wa jezi.

Siku ya mashindano feni ya kusimama iliwekwa kwenye kibao cha mrushaji, na mkono juu yake. Mwamuzi alifungua kitabu cha sheria, akasoma, akalamba kidole, akafunua kurasa nyingine. Mguu wa mrushaji uguse kibao. Wa feni ulikuwa umegusa. Mahali palipoandikwa kwamba mkono uje na msichana hakupaona. Akapuliza filimbi.

Shangazi alipiga kelele siku hiyo mpaka koo likakwaruza, na mkono haukujali, kwa sababu hauna masikio. Ulizunguka ukaachia, ukazunguka ukaachia, na wapigaji wa timu pinzani walirudi kukaa mmoja baada ya mwingine. Medali waliuvisha kwenye kifundo. Kaka akapiga picha akiwa ameukumbatia, anacheka meno yote nje. Mgeni rasmi akaupa mkono, kisha akamgeukia kocha, akamwuliza siri ya kumlea mchezaji mwenye utulivu namna ile.

"Uvumilivu," shangazi akasema. Alitamani ardhi ipasuke immeze.

Kesho yake mchana aliuviringisha kwenye taulo, akaenda kwa kaka. Njia nzima alikuwa analifanyia mazoezi lile neno, midomo ikicheza, watu wakimwangalia. Kimbunga alikuwa jikoni anaosha vyombo kwa mkono mmoja, kikombe amekibana tumboni.

"Tumeshinda," shangazi akasema.

"Nimesikia. Baba kanionyesha picha." Hakununa. Alijifuta mkono kwenye gauni, akafunua taulo, akaugeuza ule mwingine kiganja juu, akautazama kidole kwa kidole. "Shangazi, kucha zimerefuka. Zikiwa hivi zinaukwaruza mpira unapoachia."

"Nimekuletea. Ni wako."

"Mechi nyingine lini?"

"Jumamosi."

"Basi kaa nao tu." Akaufunika vizuri, ncha za taulo akazikunjia ndani, akamrudishia kama mtu anayemwazima jirani sufuria. Kisha akachukua kikombe kingine.

Lile neno lilikuwa limefika kwenye ulimi kabisa. Shangazi alisimama pale mlangoni nalo, mtoto anasuuza, maji yanamwagika.

"Haya," akasema, akaondoka.

Karakana aliupakata mapajani. Ulikuwa na joto lake la kawaida, na mshipa wa kifundo ulikuwa unapiga. Akatafuta kikatio cha kucha kwenye droo ya skrubu, akaanza na kidole gumba, polepole, mdomo kaufunga, asije akauumiza.