Udi wa Bi Swafiya na Samaki Watatu

Siku watu wa bwana harusi walipomletea dada yake mkubwa sanduku la nguo za harusi, Lamis aliambiwa na bibi yake mambo mawili: avae dera jipya, na asiwe bubu mbele ya wageni. Dera alivaa. Hilo la pili, Bibi mwenyewe alijua anajisumbua tu. Mtoto ana miaka kumi na mitatu, na akisalimiwa na jirani hujibu huku akiangalia vidole vya miguu yake.

Walioijua vizuri sauti yake walikuwa samaki watatu. Hariri alikuwa na mkia mrefu, mwepesi. Kofia alikuwa mwekundu kichwani tu. Bizari, wa manjano, alikuwa mdogo kuliko wote na mlafi kuliko wote. Walikaa ndani ya tangi la kioo pale ukumbini, nyumbani kwao Kibokoni. Tangi hilo Lamis aliachiwa na Dada Rispah, mpangaji wa juu, alipohamia Ganjoni. Rispah alimfundisha vizuri: chakula kidogo, maji yabadilishwe kidogo kila Ijumaa wala si yote, na ya bomba yalale ndooni siku nzima kwanza, mpaka dawa ya bomba iishe.

Bibi kila akiipita ile ndoo hunung'unika. "Yaani maji yamelala mpaka saa hizi! Mimi tangu niolewe sijalala hivyo."

Basi siku hiyo Lamis aliona aibu na ile pampu ya hewa, inayotia mapovu majini, kwa vile inavyonguruma. Akaishusha sakafuni, akaificha nyuma ya pazia. Wageni nao hao, vigelegele mpaka ngazini! Mbele yao alikuwa Bi Swafiya, mama wa bwana harusi, mrefu, kifua mbele, sauti ya kuita watu ng'ambo ya pili. Alikuja na udi aliopika kwa mikono yake, na Mji wa Kale wote unaujua udi wa Bi Swafiya. Bibi akautia kwenye makaa ya chetezo kwa heshima zote, kisha akakisukuma chini ya lile pazia ili nalo linukie.

Ukumbi ukajaa moshi na maneno. Lamis alikuwa akipitisha kaimati alipolitupia jicho tangi. Samaki wote watatu wako juu kabisa, midomo wazi, wanafungua na kufunga, wanafungua na kufunga.

Bi Swafiya naye aliwaona. "He! Waoneni hawa! Hata samaki wanaufuata udi wangu!"

Watu wakacheka mpaka vikombe vikagongana. Lamis hakucheka. Samaki akija juu namna ile hana raha, anatafuta pumzi. Akainama kwenye tangi. Mapovu yalinuka udi. Akaufuata mpira wa pampu kwa macho, ukashuka, ukapita nyuma ya pazia, na pale chini pampu na chetezo vimekaa ubavu kwa ubavu. Pampu ilikuwa inavuta moshi na kuutia majini. Na aliyeiweka pale ni yeye.

Akachomoa waya. Lakini sasa samaki hawana hewa kabisa, na mpira ni mfupi, pampu haifiki kwingine ila mle mle moshini. Akaenda sikioni kwa Bibi.

"Bibi, udi utolewe."

"Utolewe? Udi wa mkwe? Wataka harusi ivunjike? Hebu pitisha kaimati."

Lamis akageuka. Bizari alikuwa amelala ubavu, tumbo linaanza kutazama juu.

Hakujua sauti ilitoka wapi. "Udi utoke! Utoke sasa hivi! Wanakufa!"

Bibi alifumba macho. Bi Swafiya akaweka kikombe chini polepole.

"Nani kasema?"

"Mimi." Safari hii haangalii vidole. "Moshi umeingia majini. Udi wako ni mzuri, Bi Swafiya, ila samaki hawauwezi."

Bi Swafiya akamtazama, akalitazama tangi, kisha akaondoka pale kitini. "Nimezaa saba na wote wazima, leo niue samaki?" Akakibeba chetezo mwenyewe mpaka nje. "Haya, fungueni madirisha! Mtoto, sema, tufanye nini?"

Lamis akasema. Maji yatolewe kiasi, robo tatu yabaki. Yaliyolala kwenye ndoo yatiwe polepole. Kisha wachote maji ya tangi kwa vikombe na kuyamimina kutoka juu, ili yabebe hewa. Na wale wanawake, hina mpaka viwikoni, mikono imejaa bangili, wakapanga foleni na vikombe vya kahawa. Wanachota, wanamimina. Mmoja akaanzisha wimbo wa harusi, wenzake wakapokea, vikombe vikashuka kwa mdundo, na maji yakawarukia usoni, wanja ukawachuruzika.

Kofia alikuwa wa kwanza kushuka chini. Hariri akafuata. Bizari alibaki ubavu, na wimbo ukarudiwa mara nne, mpaka Bi Swafiya akatumbukiza kidole. Bizari akatikisika, akasimama sawa, akakidona kile kidole akidhani ni chakula.

"Wallahi kaniuma! Mzima huyu!" Vigelegele vilipigwa, hata sanduku halikupigiwa hivyo.

"Kwa nini hukuyabadilisha maji yote?" akauliza Bi Swafiya, kanga yake imeroa. Lamis akaeleza. Akaulizwa na jingine, akaeleza, akaonyesha kwa mikono, chai ikapoa, na Bibi amekaa amepigwa na butwaa: kumbe mtoto ana ulimi.

Kutoka chumba cha ndani, alikofichwa tangu asubuhi akiwa na nguo zake mpya, bibi harusi akapiga kelele:

"Jamani! Mmekuja kunitazama mimi au mmekuja kuoza samaki?"