Wagonjwa Tisini wa Jumatatu

Gertrude alishindwa kutulia. Akikaa kiti kinamchoma, akisimama miguu inamwasha. Mlango wa tabibu ulikuwa wazi, na ndani Bi Theresia, mkaguzi wa bima aliyetoka Songea, alikuwa akimbana Mansuetus, tabibu pekee wa zahanati yao ya misheni pale Ngumbo.

"Wagonjwa tisini, mtu mmoja, kila Jumatatu? Wewe ni mashine?"

"Mama, sijabuni hata mgonjwa mmoja."

"Basi madai ya mwezi mzima yanabaki hayalipwi, na jina lako nalipeleka juu. Kazi hii utaisikia kwa wenzako."

Jamani! Wagonjwa walikuwa wa kweli, na homa zao za kweli. Ila nusu yao walitibiwa Jumapili. Watu wa milimani wakishuka kusali, misa ikiisha wanapitia zahanati hapo hapo. Nani aupande mlima ule halafu ashuke tena kesho? Mansuetus anawatibu. Lakini fomu za bima anajaza Gertrude, karani, naye kalelewa kwamba Jumapili ni ya Bwana, kalamu haishikwi. Basi akawa anawaandika wote kesho yake, kwa tarehe ya Jumatatu, na Mansuetus anatia saini rundo zima bila kutazama. Utakatifu gani huo wa kumponza mwenzio?

Barua ya kukataa madai, ikimtuhumu Mansuetus kubuni wagonjwa, ilipofika wiki iliyopita, Gertrude alielewa papo hapo. Akanyamaza. Ana watoto watatu, mume hana, na kazi nyingine ataipata wapi? Lakini mficha maradhi kifo humuumbua.

Aliingia bila kubisha hodi. "Shikamoo, mama. Kosa ni langu mimi."

Akamwaga yote huku analia, na wagonjwa wa Jumapili akawataja mmoja mmoja, na vijiji vyao.

Bi Theresia aliandika weee, kisha akafunga faili. "Tabibu hana hatia. Fomu zijazwe upya kwa tarehe za kweli. Wewe karani, utajibu kwa Sista msimamizi wa zahanati."

Gertrude alishusha pumzi. Potelea mbali kazi, alau kamwokoa mtu. Akamgeukia Mansuetus, akitegemea japo ahsante.

"Ulijua wiki nzima?" Mansuetus aliuliza.

"Nilijua, kaka."

"Mke wangu ameshafunga mizigo turudi kwao Kingerikiti. Nawe kila asubuhi unaniletea chai, unanipa pole."