Simu Iliyojua Rangi

Tangu presha ya macho impokonye Celestina uwezo wa kuona, mumewe Ambrose ndiye aliyemnunulia nguo. Aliingia dukani Kayanga kwa haraka, akachukua kitenge kilichokuwa karibu na mkono, akarudi nacho Bugene akitangaza, "Nimekuletea cha bluu, Mama Yusto. Bluu nzuri kabisa!" Celestina alishukuru, akavaa.

Baadaye alikwenda kwenye mafunzo ya wasioona, akarudi na fimbo nyeupe na simu inayoongea. Ilimsomea ujumbe na kumtajia saa. Jioni moja aliielekeza kwenye sketi yake ya bluu, nayo ikatamka kwa lafudhi ya ugenini, "Kahawia."

Akaielekeza kwenye blauzi. "Kijivu."

Ambrose alikohoa. "Simu hizi nazo hukosea, hasa jua likianza kuzama."

Celestina akaigeuzia migomba ya uani. "Kijani," ikasema.

"Kwenye migomba haijakosea," alisema Celestina.

Kesho yake alitangaza kwamba anakwenda Kayanga kujinunulia kitenge, peke yake.

"Na bodaboda je?" Ambrose aliuliza.

"Zina kelele. Nitazisikia."

"Na ule mtaro?"

"Fimbo ya kazi gani, Baba Yusto?"

Ambrose alimwacha atangulie. Akavua mabuti yake yenye kishindo, akavaa kandambili, akamfuata. Hakukumbuka kwamba kandambili nazo zina domo: pa, pa, pa, njia nzima.

Mbele, jirani yao Evaresta alikuwa ameanika kahawa kwenye turubai lililovamia nusu ya njia. Ambrose alitaka kupiga kelele. Fimbo ya Celestina iligusa ukingo wa turubai, ikapapasa, na mwenye fimbo akazunguka taratibu. Ambrose, macho yote yakiwa kwa mkewe, akaingia katikati ya kahawa.

"We Baba Yusto!" Evaresta alifoka. "Asiyeona kapita salama, wewe mwenye macho ndiye unanikanyagia kahawa?"

Ambrose alijiwekea kidole mdomoni, akimsihi anyamaze. Celestina hakugeuka, ila mabega yake yalikuwa yakitikisika.

Mjini aliulizia duka la Nsabimana, akaelekezwa, akafika. Ambrose alijibanza nyuma ya magodoro ya duka la jirani. Mara simu yake ikaita.

"Baba Yusto, uko wapi?"

"Nipo nyumbani," alinong'ona. "Napunguza majani ya migomba."

"Mzee," muuza magodoro alimkatiza kwa sauti kubwa, "unataka la inchi ngapi?"

"Mjibu mwenzio," Celestina alisema. "Majani yatasubiri."

Ambrose alijitokeza, uso umemshuka, huku watu wakicheka. Alisimama karibu na mkewe.

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu getini. Uliogopa nitapotea?"

Ambrose alizungusha kofia yake mikononi. "Niliogopa utafika," alisema kwa sauti ya chini. "Ukifika mwenyewe, mimi nitakuwa na kazi gani?"

Celestina hakucheka. Alimtafuta mkono, akaubana, kisha akamkabidhi kitenge alichokwisha kukichagua.

"Manjano," simu ilisema.

"Na maua mekundu makubwa," Nsabimana aliongeza.

Ambrose alikikunjua, akakunja uso. "Mama Yusto, hiki si kitashtua ng'ombe?"

"Mimi sitakiona. Wewe ndiye utakayekitazama mpaka kichakae. Haya, nenda ukamenye ndizi. Mimi napitia kwa fundi Joviana nikapimwe."

Ambrose alirudi nyumbani, akamenya ndizi, akainjika sufuria. Alijiapiza kutokwenda kumtafuta. Akaenda mpaka mwisho wa shamba tu, kisu bado mkononi, akasimama kuitazama njia. Fimbo nyeupe ilipojitokeza kwenye kona, alivua zile kandambili, akazikumbatia kifuani, akakimbia pekupeku kurudi jikoni.