Kodi ya Kichwa ya Bibi Perpetua

Bibi Perpetua alikuwa ameshaapa: kodi ya kichwa halipi, hata aje kuidai Papa mwenyewe kutoka Roma. Aliyekuja hakuwa Papa. Alikuwa Klera, bintiye wa kumzaa, mwenyekiti wa kata, kavaa fulana yenye bendera ya Bougainville, visiwa vyao vinavyotaka kujitawala, kifuani.

"Mama, ni noti moja ya kina kumi tu. Kwa mwaka mzima."

"Kwa kodi hiyohiyo Waaustralia waliotutawala walimvunja baba yangu mkono. Nilikuwa mtoto, nikaona kwa macho yangu."

"Wale walikuwa wageni. Hii ni serikali yetu."

"Kwa hiyo nikinyang'anywa na mwanangu ndiyo raha?"

Klera akacheka kwa dharau. "Uhuru uliupigia kura, ukacheza ngoma mpaka goti likavimba. Ulidhani unakuja na hela zake mfukoni? Karibu kila kitu tunachokula serikalini kinatoka kwa serikali kuu ya Moresby. Tunataka kuachana nao huku wanatulisha kwa kijiko!"

"Wakachimbe dhahabu huko milimani, waniache mimi na viazi vyangu."

"Mgodi umefungwa tangu vita vya kujitenga, Mama. Na zahanati yetu haina hata dawa ya malaria."

Perpetua akatema mate mekundu ya popoo, yakatua karibu kabisa na viatu vya bintiye. Mazungumzo yakaishia hapo.

Klera alikuwa na sababu ya kuhangaika. Hapa kisiwani Buka ardhi na ukubwa hupita kwa wanawake, na mkubwa wa ukoo ni mama yake. Asipolipa yeye, ni mwendawazimu gani angelipa?

Jumapili, misa ilipokwisha, Klera akaweka meza mbele ya kanisa. "Ndugu zangu," akasema kwa sauti, "wa kwanza kulipa ni mama yangu. Kina kumi zake hizi hapa."

Watu wakapiga makofi. Marsel, mvuvi ambaye hajawahi kutoa hata sadaka bila kununa, akaitoa noti yake. "Kama Bibi Perpetua kalipa, mimi ni nani?" Foleni ikajipanga.

Perpetua akaelewa mara moja. Mtoto kamlipia kwa siri kutoka mfukoni mwake, sasa anamtembeza kama mbuzi wa mnada. Akikaa kimya, kodi ameilipa, jambo ambalo baba yake hakulifanya hata chini ya marungu. Akisema, anamzamisha Klera mbele ya kata nzima, na dawa hazinunuliwi. Alilijua hilo vizuri. Hasira ikawa kubwa kuliko huruma, akasimama.

"Sijalipa! Sijatoa hata senti moja. Huyu mtoto ni mwongo!"

Foleni ikavurugika papo hapo.

"Nchi haijazaliwa, wizi umeshaota meno!" akapiga kelele Marsel. "Nirudishie changu!"

"Na mimi!"

"Kumbe tunachezewa akili!"

Klera hakubishana na mtu. Alirudisha noti moja moja mpaka meza ikabaki tupu. Kisha akamfuata mama yake, akasimama karibu naye.

"Umeshinda. Furahi basi. Kesho naenda mjini, wale wakubwa wa Moresby wamekuja. Nitawapigia magoti kuomba hela ya dawa, kama kila mwaka. Wakiniuliza kwa nini watu wanaotaka nchi yao hawawezi kujinunulia hata panadoli, nitawaambia mama yangu ndiye aliyenituma."

Akaibeba meza kichwani, akaondoka.

Perpetua akatafuta tusi la kumtupia mgongoni. Matusi anayo mengi, kijiji kizima kinajua, lakini siku hiyo hakuna lililokuja.

Marsel akamsogelea, anakunja noti yake vizuri, tabasamu hadi masikioni. "Bibi, leo umetukomboa."

"Toka mbele yangu," akasema Perpetua.