Udongo Ambao Haukukauka

Jicho moja la kaka yake lilikuwa limefungwa bandeji, daktari hajasema kama litaona tena, na bado yeye ndiye aliyekuwa akiomba radhi.

"Nisamehe, dada. Nimekuharibia kazi kwa jasho langu."

Dada mtu, fundi wa kalibu, wa kuyeyusha na kumimina vyuma, akainama kama anayetafuta kitu chini ya kitanda. Hapakuwa na jasho lolote.

Kazi yenyewe ilikuwa ndogo. Nati ya mashine ya kaka ya kukereza vyuma, ile inayotembea juu ya skrubu ndefu na kuvuta kisu, ilikuwa imelika mpaka inacheza kama jino bovu. Dada alikuwa bingwa wa kuzimimina nati hizo. Skrubu yenyewe hupakwa masizi isigandwe, hulazwa ndani ya kisanduku cha chuma, ncha mbili huzibwa kwa udongo, ndipo zinki iliyoyeyuka inamiminwa kuizunguka. Ikipoa, nati hupasuliwa upande mmoja kwa msumeno na kutiwa bolti ya kuibana, ili siku ikilegea ikazwe tu. Watu walimsifu, na sifa zikampanda kichwani.

Udongo ule lazima ubanikwe kwenye makaa mpaka ukauke kabisa. Siku hiyo kaka alimuuliza, "Umekauka huo?"

Akamjibu mbele za watu, "Wewe kakereze vyuma vyako, baba. Mambo ya moto tuachie wenyewe."

Karakana nzima ikacheka. Udongo hata hakuugusa, akamimina. Zinki ilipokutana na unyevu, ikalipuka na kumrukia kaka jichoni.

Moshi haujatulia, dada kashasema: "Umeinama na jasho lako hilo, limedondokea zinki." Kaka, kwa yale maumivu, akaamini.

Sasa mama yao, aliyekaa kando ya kitanda na kikombe cha uji, alikuwa ameshakata shauri. "Akipona, hagusi tena mashine. Mtu asiyejichunga atakuja kunifia kule."

Kaka, aliyekuwa fundi kwa miaka kumi na tisa, aliinamisha kichwa kama mtoto aliyekamatwa na kosa. Dada akashindwa kuvumilia.

"Mama, udongo ulikuwa mbichi. Aliniuliza, nikamfanyia dhihaka. Hilo jasho nililitunga."

"Ulilitunga lini?"

"Palepale. Yeye akilia."

Kaka akamgeuzia jicho lililobaki. "Siku tisa najiona mjinga," akasema polepole. "Hata daktari nimemwambia ni uzembe wangu."

Uso ulimwaka dada, asijue auweke wapi.

"Waliocheka unawajua," mama akasema. "Kawaambie."

Dada aliwakuta mafundi karakanani wakila. Akasimama katikati yao, mikono haina pa kukaa, akaanza kusema. Mmoja akadhani ni utani wake uleule, akaangua kicheko. Alimngoja anyamaze, kisha akaanza upya, tangu pale kaka yake alipouliza kama udongo umekauka.